Masizi ya bomba la moshi na gari la zamani kwenye baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gereji yetu ipo Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti simu huanza kuita kabla jua halijatoka: gari limegoma kuwaka, gari linatoa moshi mweupe barabara nzima, ukuta wa nyumba umejaa madoa meusi. Magari yenyewe ni yale tuliyoyazoea, Corolla za miaka ya 90, Mark II, Hilux za dizeli zenye injini za 2L na 3L, Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Land Rover ambazo wenye nazo wamezirithi kwa baba zao. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Aliyeko Makete, Mbeya, Mufindi, au upande wa Kenya kule Limuru, Kinangop na Timboroa, atayakuta ni yale yale.

Fundi, kila asubuhi nikiwasha, bomba la moshi linatema maji meusi. Injini imekufa?

Haijafa. Petroli ikiungua inazaa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli hutoa takribani lita moja ya maji. Injini ikiwa ya moto maji hayo yanatoka kama mvuke na huyaoni. Alfajiri bomba zima ni la baridi kama chuma kilicholala nje, kwa hiyo mvuke unageuka matone humo humo ndani, matone yanaosha masizi yaliyoganda kwenye kuta za bomba, na moshi unayasukuma nje. Ndiyo yale madoa meusi sakafuni.

Mwaka jana mwezi wa Julai mama mmoja mwalimu alikuja na Corolla, amekata tamaa kabisa. Ameshaambiwa anunue injini nyingine. Tuliliacha gari lilale gereji. Saa kumi na mbili asubuhi kioo cha mbele kilikuwa na utando wa barafu. Nikachukua karatasi nyeupe ya daftari, nikaishika shibiri moja kutoka kwenye mdomo wa bomba, akawasha. Sekunde chache tu karatasi ikajaa vitone vyeusi. Tukaendesha hadi Kibena na kurudi. Nikashika karatasi nyingine: ikalowa mvuke kidogo, nyeupe. Injini yake ilikuwa nzima. Alichohitaji ni plagi mpya na kubadilishiwa kichujio cha hewa ambacho kilikuwa kimeziba kwa vumbi la kiangazi kilichopita.

Fanya jaribio hilo hilo nyumbani. Wasiwasi uanze pale ambapo karatasi ya pili, ya injini ya moto, nayo inatoka nyeusi, au pale ambapo maji ya rejeta yanapungua kila wiki na hakuna sehemu inayovuja nje.

Masizi ni nini hasa?

Ni kaboni ya mafuta iliyokosa hewa ya kuiunguza yote. Aliyekulia kwenye koroboi anajua: ukipandisha utambi sana, mwanga hauongezeki, kinachoongezeka ni moshi na dari jeusi. Petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ukizidisha petroli au ukipunguza hewa, umepandisha utambi.

Na injini ya baridi lazima ipandishiwe utambi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi, sehemu yake inabaki majimaji kwenye kuta za njia ya kuingilia, kwa hiyo kabureta kwa choki (kibao kinachobana hewa), au kompyuta kwa magari ya nozeli (vipulizio vya petroli), inaongeza petroli ili inayofika ndani iweze kushika moto. Ndiyo maana dakika za kwanza asubuhi lazima kuwe na masizi kidogo hata kwenye gari zima. Swali la kujiuliza ni dakika ngapi yanaendelea.

Gari lilikuwa safi Dar es Salaam. Mbona limefika huku linatoa moshi mweusi?

Kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Kwenye mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 78 ya ule wa pwani. Kabureta iliyowekwa sawa Kariakoo haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile huku hewa imepungua. Pampu ya dizeli ya zamani isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) nayo ni hivyo hivyo, inapima mafuta kwa mguu wako na mwendo wa injini, haipimi hewa. Baadhi ya pampu za Toyota zilitoka kiwandani na kifaa cha kupunguza dizeli kadiri gari linavyopanda, lakini nyingi zinazotufikia hazina, au zinacho na kimekufa.

Magari ya nozeli za petroli yanasumbuka kidogo kwa sababu yana sensa ya kupima hewa au mgandamizo wake.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, fungua kichujio cha hewa. Kishike uelekee jua. Kama huoni mwanga upande wa pili, umeshapata nusu ya jibu. Gari linaloishi huku moja kwa moja linaweza kurekebishwa kabureta au kupunguziwa pampu. Linaloshuka Dar kila mwezi liachwe kama lilivyo, maana likipunguziwa huku litakosa mafuta kule, na kwenye petroli, mchanganyiko wenye mafuta kidogo mno unaunguza vali.

Rangi za moshi zina maana gani?

Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Hilo tumeshalisema.

Wa buluu, unaoelekea kijivu na wenye harufu kali ya oili iliyoungua, ni oili inayoingia kwenye chumba cha moto. Ukitoka kwa wingi unapowasha tu asubuhi kisha unakata, sili za vali (vipira vinavyozuia oili) zimekauka: oili imechuruzika usiku kucha ikalala juu ya pistoni. Ukitoka kila unapokanyaga mlimani, elekeza macho kwenye ringi za pistoni.

Mweupe ndio unaochanganya watu. Kuna mweupe wa mvuke, unaopotea hewani hatua chache kutoka kwenye gari na haunuki kitu. Huo ni baridi tu, kama pumzi yako mwenyewe asubuhi. Kuna mweupe wa dizeli isiyoungua, mzito, unachoma macho, unatambaa chini uani, na injini inatetemeka. Na kuna mweupe wa maji ya rejeta, unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, una harufu tamutamu kama gari lina kuleni (dawa ya rejeta), na kwenye rejeta unaona mapovu. Wa mwisho huo usiendeshe nao. Gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imepasuka au hedi yenyewe, na kila kilomita unayoongeza inaongeza bei.

Nitajuaje kama masizi yangu ni ya petroli au ya oili?

Injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, ingiza kidole, kizungushe. Masizi makavu, laini kama unga wa mkaa, yanayotoka ukipuliza: mafuta mengi. Masizi yanayoteleza, yanayoshika kidole kama grisi na kutaka sabuni: oili.

Kisha fungua plagi zote uzipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Plagi ya injini isiyo na tatizo ina rangi ya kahawia ya chai ya maziwa kwenye ncha. Zote nne zikiwa nyeusi kavu, tatizo ni la injini nzima, yaani hewa, choki, sensa au themostati. Moja ikiwa nyeusi na nyingine safi, tatizo ni la silinda hiyo: waya wa plagi, nozeli moja inayovuja, au plagi yenyewe. Nimeona watu wanauziwa kabureta nzima kwa sababu ya waya mmoja wa plagi uliopasuka. Plagi zipangwe kwanza, pesa zitoke baadaye.

Fundi mmoja alinitolea themostati ili gari lisichemshe. Sasa linakunywa mafuta na bomba ni jeusi. Vinahusiana?

Vinahusiana, na kama ningeruhusiwa kubadilisha tabia moja tu katika gereji zetu zote, ningebadilisha hii.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto. Toyota nyingi za zamani mlango unaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Ukiutoa, maji ya moto yanakimbilia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na rejeta ya Njombe asubuhi ya Julai inapigwa na hewa ya nyuzi 5. Mshale wa joto haupandi. Unafika kazini, unarudi, injini haijawahi kupata moto wake.

Sasa fuatilia kinachotokea. Kompyuta inaona injini ni ya baridi, inaendelea kuongeza petroli siku nzima. Petroli isiyogeuka mvuke inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, ringi zinasuguana na chuma kikavu. Petroli hiyo inateremka hadi kwenye oili. Ukichomoa dipstiki unaona oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, na mwenye gari anafurahi kwamba gari lake "halili oili". Plagi zinajaa masizi, gari linakuwa gumu kuwaka, betri inachoka kwa kupigwa stata ndefu. Kipuri kidogo kimetolewa, na injini nzima inalipa.

Isitoshe, injini nyingi zina njia ya pembeni ya maji ambayo themostati hiyo hiyo huiziba inapofunguka. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi na sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta. Matokeo yake gari halipati moto asubuhi, halafu linachemsha kwenye mlima Kitonga mchana likiwa na mzigo. Aliyeitoa kuzuia kuchemsha ameleta yote mawili.

Kama gari lilikuwa linachemsha kweli, tafuta sababu: rejeta iliyoziba kutu, feni iliyolegea, mkanda, mfuniko wa rejeta usioshika. Huku juu mfuniko una kazi kubwa kuliko pwani, maana maji wazi kwenye mita 2,000 yanachemka karibu nyuzi 93, siyo 100. Mfuniko mzima ndio unaobana maji yasichemke mapema.

Themostati yenyewe unaweza kuipima jikoni. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Ya nyuzi 82 inatakiwa iwe imeanza kufunguka kabla maji hayajachemka, hata kwa maji ya huku kwetu. Isipofunguka, itupe. Ikiwa wazi tangu maji ya baridi, itupe pia. Unapofunga mpya, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu, ndipo hewa inapotokea.

Themostati ni nzima, gari ni la nozeli, bado linatoa moshi mweusi hata likiwa la moto.

Angalia sensa ya joto la maji. Siyo ile ya waya mmoja inayopeleka mshale kwenye dashibodi. Tafuta ya waya mbili, inayozungumza na kompyuta. Mshale unaweza kusema injini ni ya moto huku kompyuta inaambiwa ni alfajiri ya baridi kule Kitulo. Toyota nyingi za miaka ya 90 sensa hiyo husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na kiloomu 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Ipime baridi, ipime moto. Kama namba haishuki, umepata mwizi wa petroli yako. Mara nyingine sensa ni nzima na ni soketi yake iliyoshika kutu ya kijani, isafishe kwanza.

Baada ya hapo fikiria sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, lakini kumbuka kwamba sensa iliyofunikwa na masizi inaweza kuwa imeuawa na tatizo lingine. Ukiibadilisha peke yake, mpya nayo itakufa.

Gari langu ni la kabureta. Choki niiache muda gani?

Ivute kabla ya kuwasha, na uanze kuirudisha kidogo kidogo mara injini inapokubali kukanyagwa bila kukohoa. Dakika mbili tatu zinatosha asubuhi nyingi. Ukiisahau hadi mjini, utaiona kwenye plagi. Kama choki ni ya kujiendesha yenyewe, fungua kichujio injini ikiwa ya moto uangalie kile kibao cha juu: kisimame wima. Kikibaki kimelala nusu, kisafishe na ukague kinachokisukuma.

Hilux yangu ya dizeli haiwaki asubuhi. Ikiwaka inatoa moshi mweupe na kugonga kama mashine ya kusaga.

Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwenye 2L, 3L na 1HZ hewa inabanwa karibu mara 22. Lakini injini hizi zinapulizia dizeli kwenye kijumba kidogo pembeni ya chumba kikuu, na kuta za kijumba hicho zikiwa za baridi zinanyonya joto lote. Hapo ndipo plagi za kupasha, hizi tunazoita hita, zinapohitajika. Pwani unaweza kuendesha miaka na hita mbili zimekufa usijue. Panda Makete na gari hilo hilo, asubuhi ya kwanza utajua.

Kuzipima ni kazi ya robo saa. Fungua ule ukanda wa chuma unaoziunganisha juu, ili kila moja ibaki peke yake. Weka mita kwenye omu: nzima husoma karibu na sifuri, omu moja hivi au pungufu, iliyokufa haisomi kitu. Huna mita? Chukua taa ya kupimia, mguu mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha hita. Taa ikiwaka, hita ina uhai. Zikiwa zote nzima, pima kama umeme unazifikia unapowasha swichi. Relei yake ndiyo hufuata kufa.

Tahadhari moja imenigharimu pesa zangu mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi: hita za Toyota hazifanani volti. Kuna mifumo inayotumia za volti 6 na mingine za karibu volti 11 au 12, na kwa sura huzitofautishi haraka. Soma namba iliyogongwa kwenye mwili wake, nunua ile ile. Ya volti ndogo kwenye mfumo wa volti kubwa inaungua siku hiyo hiyo, na ncha yake inaweza kuvimba ikakatikia ndani ya hedi.

Hita zikiwa salama na bado haiwaki, piga kwa mkono ile pampu ndogo juu ya chujio la dizeli mpaka iwe ngumu, halafu washa. Ikiwaka mara moja, kuna hewa inaingia usiku na dizeli inarudi kwenye tanki. Tafuta paipu iliyopasuka au oringi iliyokauka. Kama hiyo nayo siyo, tunaenda kwenye nozeli zinazochuruzika na kupima mgandamizo wa silinda. Hapo si kazi ya uani tena.

Kuna madereva wanawasha moto chini ya injini. Inafaa?

Hapana, tafadhali. Najua wanaolala na malori kwenye baridi wanafanya, karai la makaa chini ya sampo ya oili. Injini za zamani zinavuja, na chini ya gari kuna oili, dizeli na nyaya.

Dawa ya kupulizia kwenye kichujio ili injini ishike nayo usiitumie kabisa kwenye dizeli yenye hita. Inashika moto mapema, kabla pistoni haijafika juu, na ringi huvunjika. Maji ya moto kwenye kioo chenye barafu yanapasua kioo. Kwa gari la kabureta, kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa juu ya njia ya kuingilia petroli kinasaidia kweli, na hakidhuru kitu.

Betri ilikuwa nzima jana. Asubuhi stata inajikokota.

Baridi inafanya mambo mawili kwa pamoja: inapunguza nguvu ya betri, na inakaza oili ili stata ifanye kazi zaidi. Betri iliyochoka ilikuwa inajificha kwenye joto.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu. Mtu mwingine apige stata huku unaangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka, au haikujaa. Kabla ya kununua, safisha vichwa vyake. Ule unga mweupe wa kijani unaondoka kwa maji ya moto yenye magadi, kisha kausha, kaza, paka grisi.

Upande wa oili, namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayoeleza tabia yake kwenye baridi. Ndogo ni nyepesi zaidi. Kwa baridi yetu 20W-50 kwenye injini ya petroli iliyotembea sana haina shida, na dizeli nyingi zinakwenda vizuri na 15W-40. Ninayoikataa ni ile oili ya namba moja tu, SAE 40 ya kupimwa kwenye dumu, ambayo asubuhi inamiminika kama asali.

Nipashe injini dakika ngapi kabla ya kuondoka?

Nusu dakika hadi dakika moja, oili ifike juu, taa ya oili izimike. Kisha ondoka taratibu, usivute gia hadi injini inalia, mpaka mshale usogee. Kuliacha gari linanguruma uani dakika ishirini ni kulilisha petroli nyingi bila kulipa joto. Injini inapata moto ikifanya kazi.

Chini ya kifuniko cha oili nimekuta utando mweupe kama maziwa mgando. Gasketi?

Huenda siyo. Gari linalokwenda kilomita mbili na kurudi, msimu mzima wa baridi, linakusanya unyevu ambao haupati nafasi ya kukauka. Chomoa dipstiki: oili ikiwa ya kawaida na maji ya rejeta hayapungui, futa utando, endesha nusu saa barabarani, angalia tena baada ya wiki. Lakini dipstiki nayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Livute.

Maji ya bomba yanatosha kwenye rejeta?

Yanaleta kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta, na rejeta iliyoziba ndiyo inayomfanya fundi atoe themostati. Uwanda wa Kitulo upo kama mita 2,600 na baridi ya huko inagandisha maji usiku. Maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9 na hayajali ni rejeta ya nani. Weka kuleni iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi.

Nilipandishiwa pampu ili gari liwe na nguvu milimani. Sasa linatoa wingu jeusi.

Rudisha. Bila hewa ya ziada, dizeli ya ziada haigeuki nguvu, inageuka masizi na joto. Joto hilo linapasua hedi na kuyeyusha pistoni, na anayekuwa nyuma yako mlimani anayameza masizi. Gari likikosa nguvu, anza na kichujio cha hewa, chujio la dizeli, na muda wa pampu.

Je, mafuta yaliyochakachuliwa yanaleta masizi?

Petroli yenye mafuta ya taa, ndiyo: inagonga, inanuka, inaacha plagi nyeusi, na asubuhi gari ni gumu kuwaka kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke haraka. Dizeli yenye mafuta ya taa inaweza hata kutoa moshi kidogo, ila pampu inakosa ulainisho na inalika. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, zote kwa ajili ya uchakachuaji huu. Ukihisi tatizo limeanza siku uliyojaza mahali fulani, weka mafuta kidogo kwenye chupa safi uyahifadhi kabla tanki halijaisha.

Moshi huu una madhara kwa watu?

Una. Naomba sehemu hii isomwe na kila mtu wa nyumbani, siyo dereva peke yake.

Injini ya petroli iliyo ya baridi inatoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika mbili, hata mlango mmoja ukiwa wazi. Usilipashe chini ya dirisha la chumba wanamolala watoto. Kama bomba limetoboka chini ya sakafu, moshi unaingia ndani, na kwenye baridi vioo vyote vimefungwa. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa ghafla safarini ni dalili: simamisha gari, shukeni wote.

Moshi wa dizeli nao, mwezi Juni mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wenzangu, msiingize kidole kwenye bomba siku nzima bila glavu kama nilivyokuwa nikifanya, na msiache dizeli inanguruma ndani ya gereji.

Madoa ya ukutani yanatokaje?

Yaache yakauke kabisa. Ukipiga kitambaa chenye maji kwanza, unayasambaza. Pita na brashi kavu laini kutoka juu kwenda chini, kisha sifongo yenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, suuza, rudia. Kwenye rangi ya maji huenda ukahitaji kupaka upya eneo hilo. Jioni egesha gari likitazama ukuta, bomba la moshi lielekee uwanjani, mbali na madirisha.